Historia ya Idara ya Maradhi ya Njia ya Mkojo katika Hospitali ya Johns Hopkins, na Mafunzo Yake kwa Wananchi



Miongoni mwa maradhi ambayo wanaume huona haya kuyataja, maradhi ya njia ya mkojo yamo katika safu ya mbele. Mtu mzima huumwa na jino akalalamika hadharani, huvunjika mguu akaeleza mbele ya jamaa zake wote namna alivyoanguka. Lakini mkojo unapoanza kumpa taabu, hunyamaza. Huamka usiku mara nne au tano, hujikamua kwa maumivu, na asubuhi hutoka barazani akaamkiana na watu kama kwamba hana jambo. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Mazungumzo haya yanahusu historia ya idara moja ya hospitali ya chuo kikuu, nayo ni Idara ya Maradhi ya Njia ya Mkojo ya Hospitali ya Johns Hopkins, iliyoko katika mji wa Baltimore nchini Marekani, pamoja na mabingwa wake wa upasuaji. Makusudio si kuwastaajabisha wasikilizaji kwa habari za mbali. Makusudio ni kuonyesha jambo moja ambalo historia hiyo inalithibitisha tena na tena: kwamba hatua kubwa za tiba hii zilipatikana pale mgonjwa alipokubali kusema, na daktari naye akakubali kusikiliza, kuhesabu na kuandika.

MWANZO WA HOSPITALI

Hospitali hiyo imepewa jina la mfanyabiashara wa Baltimore, Johns Hopkins, aliyefariki mwaka 1873 na kuacha usia wa dola milioni 7 zigawanywe baina ya chuo kikuu na hospitali. Katika maagizo yake aliamuru kwamba maskini wa mji wapokewe pasipo kutazama jinsia, umri wala rangi zao. Chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1876, hospitali mwaka 1889, na skuli ya udaktari mwaka 1893.

Ni haki kusema pia kwamba agizo hilo la mwenye mali halikutekelezwa kwa ukamilifu. Wagonjwa weusi walipokewa, lakini kwa miaka mingi, hadi baada ya katikati ya karne ya 20, walilazwa katika wodi zilizotengwa na zile za wazungu. Historia ya taasisi yoyote hapana budi isomwe pamoja na aibu zake.

Mkuu wa upasuaji katika hospitali hiyo alikuwa Dkt. William Stewart Halsted. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu wa kuwafunza mabingwa kwa kuwakalisha hospitali miaka kadhaa, kila mmoja akipanda daraja kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka aweze kupasua peke yake na kuwafunza wengine. Utaratibu huo umeenea duniani, na kila hospitali inayofunza mabingwa hivi leo inaufuata kwa namna moja au nyingine.

DKT. HUGH HAMPTON YOUNG

Katika siku za mwanzo maradhi ya njia ya mkojo hayakuwa na bingwa wake maalumu, bali yalikuwa sehemu ndogo tu ya upasuaji wa jumla, na vijana wachache waliyataka. Hata hivyo, katika hospitali hiyo hiyo Dkt. James Brown alikuwa amefanikiwa mwaka 1893 kupitisha mpira mwembamba hadi ndani ya mirija inayotoka kwenye figo za mwanamume, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kabla. Alifariki muda mfupi baadaye, na kazi yake ikabaki bila ya mwenyewe.

Mwaka 1897 Dkt. Halsted alikutana katika ujia wa hospitali na daktari kijana, Hugh Hampton Young, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, mtoto wa jenerali wa jeshi la majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Halsted alimwambia kwamba ameteuliwa kuongoza sehemu ya maradhi ya njia ya mkojo. Kijana alijibu kwa ukweli kwamba hajui lolote katika fani hiyo. Halsted akamjibu kuwa wakubwa wake wanalijua hilo, ila wanaamini kwamba ataweza kujifunza. Ndivyo ilivyoanza idara ambayo baadaye ilikuja kuwa chuo cha mabingwa wa dunia.

Kazi kubwa iliyomkabili ilikuwa tezi dume. Tezi hiyo imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Mwanamume anapozidi umri, tezi hukua, na ikikua hubana njia. Zama zile mzee aliyefungwa na mkojo alikuwa na mawili: ama kutiwa mpira kila siku kwa maisha yake yote, mpaka usaha ukampanda kwenye figo, au kupasuliwa kwa hatari kubwa ya kufa. Young aliiendea tezi kwa kupitia msambani, sehemu iliyo baina ya korodani na njia ya haja kubwa, akaweza kuiona kwa macho yake badala ya kupapasa kizani.

Tarehe 7 Aprili 1904, huku Dkt. Halsted mwenyewe akiwa msaidizi wake, Young aliondoa tezi nzima kwa ajili ya saratani, pamoja na vifuko vya manii vilivyoambatana nayo. Upasuaji huo ndio ulioweka msingi wa kutibu saratani ya tezi dume kwa kisu, wakati ambapo madaktari wengi waliihesabu saratani hiyo kuwa ni hukumu isiyo na rufaa.

Mwaka 1909 alibuni chombo cha aina nyingine. Kilikuwa mfano wa bomba jembamba lenye tundu ubavuni na wembe ndani yake. Bomba hilo lilipitishwa katika njia ya mkojo, nyama iliyoziba ikaingia tunduni, na wembe ukaikata. Mgonjwa hakuchanjwa ngozi, na ganzi ya mahali palepale ilimtosha.

MGONJWA TAJIRI NA JENGO JIPYA

Chombo hicho ndicho kilichomfikisha Baltimore tajiri wa New York, James Buchanan Brady, aliyepata mali yake kwa kuuza vifaa vya reli na aliyejulikana kwa kujipamba kwa almasi na kwa ulaji wake wa kupita kiasi. Brady alizibwa na tezi, na juu ya hayo alikuwa na ugonjwa wa sukari katika zama ambazo dawa ya insulini ilikuwa bado haijapatikana. Madaktari waliotangulia kumwona walikataa kumpasua, wakijua kwamba angekufa. Mwaka 1912 Young alimtibu kwa chombo chake kile, na Brady akapona.

Kwa shukrani Brady alitoa fedha za kujenga taasisi maalumu, na mwaka 1915 Taasisi ya Brady ya Maradhi ya Njia ya Mkojo ilifunguliwa ndani ya eneo la hospitali. Mfadhili mwenyewe alifariki mwaka 1917. Mwaka huo huo wa 1917 Young alianzisha jarida la kitaalamu la fani hiyo, ambalo hadi leo ni miongoni mwa majarida makubwa ya mabingwa wa njia ya mkojo.

Inafaa kumtaja hapa mtu ambaye hakuwa daktari. Mwaka 1915 Young alimwajiri mchoraji kijana, William Didusch. Kwa miaka mingi mchoraji huyo alisimama katika chumba cha upasuaji akachora hatua kwa hatua kile kilichofanywa na mikono ya mabingwa, na kwa njia hiyo daktari aliye mbali, ambaye hakuweza kufika Baltimore, aliweza kujifunza. Mwaka 1926 Young alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya fani hii, nacho kilitokana na uchunguzi wa wagonjwa 12,500. Hesabu hiyo si ya kujigamba. Maana yake ni kwamba wagonjwa 12,500 walikuwa na majalada yaliyotunzwa, yakaweza kufunguliwa na kusomwa, aliyepona akahesabiwa na aliyekufa akahesabiwa.

Si kila alichokitoa Young kilidumu. Mwaka 1919 yeye na wenzake walieneza dawa nyekundu ya kupaka vidonda iitwayo Mercurochrome, ambayo ilitumika majumbani na maskulini katika nchi nyingi. Dawa hiyo ina zebaki, na mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa katika orodha ya dawa zinazokubalika kuwa salama. Elimu hujisahihisha, na asiyekubali kusahihishwa hana elimu.

Sifa nyingine ya Young ilionekana mwezi Oktoba 1919. Rais wa Marekani, Woodrow Wilson, alikuwa amepooza, na baada ya siku chache mkojo ukamfunga. Young aliitwa. Wengi wangetarajia kwamba bingwa aliyeitwa Ikulu angetoa kisu. Yeye alishauri kungoja, kwa kuwa mgonjwa alikuwa dhaifu mno kwa upasuaji, na mkojo ukafunguka wenyewe. Kujua wakati wa kutopasua nako ni sehemu ya ubingwa. Young alifariki mwaka 1945, akiwa ameacha wanafunzi waliokwenda kuongoza idara kama hiyo katika vyuo vikuu vingine, mmoja wao akiwa Dkt. Frank Hinman wa San Francisco.

KIPINDI CHA DKT. SCOTT

Kuanzia mwaka 1946 hadi 1974 taasisi iliongozwa na Dkt. William Wallace Scott. Huyu alikuwa amefanya kazi Chicago pamoja na Dkt. Charles Huggins, ambaye mwaka 1941 alionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea mwilini hunyweshwa na homoni za kiume, na kwamba homoni hizo zikikatwa, saratani hunywea na maumivu hupungua. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Scott aliileta Baltimore njia hiyo ya kufikiri, na idara iliyosifika kwa kisu ikawa pia idara ya maabara.

Katika kipindi hicho Dkt. Hugh Jewett, pamoja na mwenzake, alichapisha mwaka 1946 uchunguzi wa maiti 107 za watu waliokuwa na saratani ya kibofu. Walibainisha kwamba hatari ya saratani kuenea hufuata kina ilichozama katika ukuta wa kibofu. Tangu hapo daktari hakuuliza tu kama uvimbe upo, bali aliuliza umezama kiasi gani. Swali hilo ndilo linaloongoza tiba ya saratani ya kibofu mpaka leo.

NENO LA MGONJWA MMOJA

Dkt. Patrick Walsh alipochukua uongozi mwaka 1974, alikuwa na umri wa miaka 36. Wakati huo upasuaji wa kuondoa tezi yenye saratani ulikuwa ukiogopwa na madaktari na wagonjwa pia. Damu ilimwagika kwa wingi hata daktari akawa hakioni anachokikata. Baada ya hapo, karibu kila mgonjwa alipoteza nguvu za kiume, na wengine hawakuweza tena kuuzuia mkojo. Wanaume wengi, walipoambiwa hayo, waliona heri kubaki na saratani yao.

Walsh alianza na damu. Alichunguza kwa makini mishipa inayopita juu ya tezi, akajua pa kuifunga kabla ya kukata, na mwaka 1979 maelezo yake yakachapishwa. Damu ilipopungua, mahali palipokuwa dimbwi jekundu pakaonekana wazi.

Jambo la pili lililetwa na mgonjwa. Mwaka 1977 mwanamume mmoja aliyekwisha kuondolewa tezi alirudi kliniki baada ya miezi mitatu, na alipoulizwa hali yake alieleza kwamba nguvu zake za kiume zimerudi kama zamani. Kwa elimu ya wakati ule jambo hilo halikuwezekana, kwani iliaminika kuwa mishipa ya fahamu inayohusika hupita ndani ya tezi yenyewe, na tezi ikitoka nayo hutoka. Daktari mwengine angelichukua neno hilo kuwa bahati, au angedhani mgonjwa anajisifu. Walsh alilichukua kuwa ni ushahidi. Ikiwa mtu mmoja amesalimika, basi mishipa haipiti ndani ya tezi, na anayeikata ni mpasuaji kwa kutojua ilipo.

Jibu lilipatikana mwezi Februari 1981 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Huko alikuwako Profesa Pieter Donker, ambaye alikuwa amestaafu, na katika ustaafu wake alikuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya kibofu katika maiti za watoto wachanga waliozaliwa wafu, ambao tishu zao hufanya mishipa hiyo ionekane vizuri zaidi kuliko kwa watu wazima. Walsh alimwuliza juu ya mishipa ya uume. Donker alikuwa hajawahi kuitafuta. Siku hiyo hiyo wawili hao walikaa wakaitafuta pamoja, na baada ya saa chache waliiona: imepita nje ya tezi, ubavuni, kulia na kushoto.

Tarehe 26 Aprili 1982 Walsh alimpasua mwanamume mwenye umri wa miaka 52 kwa kuikwepa mishipa hiyo kwa makusudi. Mgonjwa alipona, na nguvu zake za kiume zilirejea. Tangu hapo upasuaji uliokuwa ukikimbiwa ukawa miongoni mwa tiba kuu za saratani ya tezi dume iliyogunduliwa mapema. Walsh hakuufanya ujuzi huo kuwa siri ya nyumba yake. Alirekodi upasuaji wake kwa picha za video, na nakala zake ziligawiwa kwa mabingwa wa nchi mbalimbali bila ya malipo. Upasuaji wake wa aina hiyo ulizidi 4,000 kabla hajaweka kisu chini.

KAZI NYINGINE ZA IDARA

Itakuwa kosa kudhani kwamba idara hiyo ilishughulikia tezi dume peke yake. Dkt. Robert Jeffs na baada yake Dkt. John Gearhart waliijenga sehemu ya watoto, hususan tiba ya watoto wanaozaliwa kibofu chao kikiwa wazi nje ya tumbo, ulemavu adimu unaohitaji mkono wa subira na miaka mingi ya uangalizi. Mwaka 1995 Dkt. Lloyd Ratner na Dkt. Louis Kavoussi waliitoa figo ya mtu aliye hai kwa kutumia kamera na matundu madogo tumboni, badala ya kumpasua ubavu mzima. Mtu aliyetaka kumpa ndugu yake figo hakulazimika tena kupata jeraha kubwa kuliko la mgonjwa anayepewa.

Mwaka huo huo wa 1995 Dkt. Ballentine Carter alianzisha mpango wa kuwafuatilia bila ya kuwapasua wanaume wazima wenye saratani ndogo isiyo kali. Hupimwa kwa vipindi, na tiba hutolewa pale tu dalili zinapoonyesha kwamba saratani imeanza kubadilika. Kwa maana hiyo, idara iliyofundisha dunia kuiondoa tezi iliifundisha vilevile kwamba si kila tezi ni ya kuondolewa.

MAFUNZO KWA WANANCHI

Waheshimiwa, mabibi na mabwana. Katika miaka ya 1990 uchunguzi wa idara hiyo ulionyesha kwamba mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake aliugua saratani ya tezi dume ana hatari kubwa zaidi, kiasi cha mara mbili, kuliko asiye na mgonjwa katika ukoo. Aidha, takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wanaume wenye asili ya Kiafrika hufa kwa saratani hiyo karibu mara mbili ya wanaume wazungu. Habari hizi hazimhusu Mmarekani peke yake. Zinamhusu kila mzee anayejua marehemu baba yake alikufa kwa “mkojo” na hakuna aliyeuliza zaidi.

Si kila taabu ya mkojo ni saratani. Mara nyingi huwa ni tezi iliyokua kwa umri tu, na tiba yake ipo. Lakini mgonjwa hawezi kuyatenganisha mawili hayo kwa kujitazama mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo mwanamume aliyetimiza miaka 50, au aliye chini kidogo ya umri huo na ana mgonjwa katika ukoo, anashauriwa afike hospitali azungumze na daktari juu ya kupimwa, ikiwamo kipimo cha damu. Kwa umri wowote, dalili hizi zisingojwe:

mkojo kutoka kwa udhaifu au kukatika katika;
kuamka usiku mara nyingi kwa ajili ya haja ndogo;
kuona damu katika mkojo, hata ikiwa mara moja na bila ya maumivu;
mkojo kufunga kabisa, ambapo mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Wake na watoto nao wana wajibu wao. Mara nyingi mke ndiye anayejua kwamba mumewe halali, na mtoto ndiye anayeona kwamba baba anakawia chooni. Neno la upole kutoka kwao huweza kumfikisha mgonjwa kwa daktari mwaka mzima kabla ya yeye mwenyewe kukata shauri. Na kwa upande wa madaktari na wauguzi, mgonjwa aliyekwisha kushinda haya yake akasema, asikatizwe maneno wala asichekwe, bali asikilizwe, na alilolisema liandikwe katika jalada lake. Mgonjwa yule wa mwaka 1977 alitoa habari ambayo haikuwamo katika kitabu chochote cha mabingwa, na maelfu ya wanaume wamenufaika nayo kwa sababu alijibu alipoulizwa, na aliyeuliza akamsadiki.